Boksi Lililobebwa kwa Mkono Mmoja

Kila asubuhi Kijiti alifagia ua, akanywa chai akiwa amesimama, akatupia mkoba begani na kutoka mbio. Alipofika kwenye lango la bati la nyumba ya pili, miguu yake ilisimama yenyewe. Alikuwa akingoja sauti: “Twende, Kijiti, usije ukapeperushwa na upepo!”

Sauti haikuja. Chiriku, rafiki yake mwenye maneno mengi, alikuwa kaburini tangu msimu wa baridi uliopita.

“Mwanangu, bado unampitia?” mama yake Chiriku alimuuliza asubuhi moja, akifungua lango.

Kijiti aliinamisha kichwa. Ndani, mdogo wake Chiriku alikuwa akikohoa. Baada ya kikohozi ilifuata filimbi nyembamba kifuani, filimbi ya pumu. Kijiti aliijua. Na baridi ilikuwa inarudi.

Siku nzima filimbi ile ilimfuata darasani. Alikaa peke yake kwenye dawati, lakini bado aliacha nafasi upande wa ukutani. Kila alipofumba macho, alihisi boksi mikononi mwake.

Lilikuwa boksi la siku ya sherehe. Wanafunzi walichaguliwa kubeba mashine mpya za kuwasaidia wagonjwa kupumua, kutoka kwenye lori hadi chumba kipya cha kituo cha afya, huku wakipigwa picha. Kijiti na Chiriku walipewa boksi moja kubwa. Walijikaza kulinyanyua, nusura waanguke chali kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

“We Kijiti, humu wametia hewa ya kupumulia tu!” Chiriku alinong’ona. Walicheka mpaka mwalimu akawakata jicho.

Baadaye chumba kilifungwa kwa kufuli. Pumu ilipomkaba Chiriku wakati wa baridi, muuguzi alihangaika mlangoni bila kujua la kufanya. Ufunguo ulikuwa kwa ofisa wa afya, naye alikuwa safarini. Chiriku hakuifikia hospitali kubwa akiwa hai.

Jioni hiyo Kijiti alimweleza mama yake, fundi cherehani, jinsi boksi lile lilivyokuwa jepesi. Mguu wa mama uliganda juu ya kanyagio.

“Una hakika?”

“Mama, nililishika kwa mkono mmoja ili nijikune pua.”

Mama alikunja nguo aliyokuwa akiishona. “Keshokutwa yule ofisa wa afya anakuja mkutanoni,” alisema. “Utauliza kwa adabu. Nami nitakaa karibu nawe.”

Siku ya mkutano, uwanja wa kituo cha afya ulijaa. “Mashine zenu zipo!” ofisa alitangaza. “Serikali imetumia fedha nyingi. Zimehifadhiwa salama, zinasubiri mtaalamu tu.”

Watu walipiga makofi. Kijiti akapiga moyo konde, akanyoosha mkono.

“Shikamoo, mzee. Tunaomba boksi moja lifunguliwe.”

“Marahaba. Vifaa hivi havifunguliwi ovyo, mtoto. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.”

“Basi liletwe hilo boksi, tujue debe tupu ni lipi!” mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Kijiti alitamani kukaa. Ndipo aliposikia, safu za mbele, kikohozi na ile filimbi. Mdogo wake Chiriku alikuwa mapajani kwa mama yake.

“Basi lisifunguliwe, mzee,” Kijiti alisema. “Nitalibeba tu, peke yangu, mpaka hapa.”

Kicheko kilikatika. Ofisa aliitazama mikono ile myembamba, kisha akatazama saa yake. “Muda hautoshi.”

“Chukua wangu,” alijibu mama yake Chiriku. “Mimi nimebakiwa na muda tu.”

Watu wakasimama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeondoka. Ufunguo uliokosekana siku ile ulitoka mfukoni mwa ofisa.

Chumba kilinuka rangi na vumbi. Kijiti alilitambua boksi lao kwa kona iliyobonyea walipoligonga mlangoni. Alitoka nalo kichwani, amelishika kwa mkono mmoja, mwingine ukining’inia. Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikata utepe. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji, basi.

“Hewa ya kupumulia,” sauti ilinong’ona sikioni mwa Kijiti. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Wakaguzi walikuja, ofisa akafikishwa mahakamani, na kabla baridi haijakolea mashine za kweli zikaletwa. Safari hii watu hawakutanguliza makofi. Kila boksi lilifunguliwa mbele yao, kila mashine ikawashwa, nao wakaelezwa bei yake. Mdogo wake Chiriku alivishwa barakoa ya mashine. Filimbi kifuani ikafifia, ikanyamaza.

“Mama, kama ningesema siku ile ya sherehe…” Kijiti alianza, machozi yakimlenga.

“Siku ile ninyi mlikuwa watoto,” mama alisema, akimvuta kifuani. “Sisi watu wazima tulijaa uwanja mzima, tukapiga makofi bila kuuliza. Mwanangu, mali ya umma ni yetu sote. Anayetutunzia tumheshimu, lakini tumuulize. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni kulinda uhai wa mwenzako.”

Asubuhi iliyofuata, miguu ya Kijiti ilisimama langoni kama kawaida. Bati likalia, lango likafunguka. Mdogo wake Chiriku akatoka na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake.

“Twende, Kijiti,” alisema, “usije ukapeperushwa na upepo.”