Kibao cha Kaburi la Arobaini

Mambo yalianza kwa harufu, tena harufu iliyokosekana. Karani wa makaburi alirudi nyumbani Jumatatu alasiri kama siku zote, akavua viatu mlangoni, akaingia jikoni, akasimama. Sufuria zilikuwa mahali pake. Mama yake alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya viazi, miwani imemshukia hadi ncha ya pua. Lakini kuna kitu hakikuwepo.

"Mbona umesimama kama askari wa lindo?" mama aliuliza.

"Leo umeoga kwa sabuni gani?"

"Ile ile ya dawa. Kwani nanuka?"

Hakunuka, wala hakunukia, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na tano, akiosha mikono kwa sabuni nyekundu ya dawa mpaka harufu ikahamia kwenye ngozi, kwenye mito, kwenye mapazia. Karani alimwinamia, akaweka pua shingoni mwake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Hakusikia chochote. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Ndipo akakumbuka kwamba asubuhi ile, akipita makaburi ya zamani, aliisikia sabuni hiyo hiyo, kali na mbichi, mbele ya kaburi la arobaini, hata akageuka akidhani mama amemfuata.

Kuhusu kaburi hilo ni bora tuseme ukweli mapema, maana karani mwenyewe alichelewa kuusema. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameamua kwamba wakazi wawajue watu mashuhuri waliolala katika viwanja vyao viwili vya makaburi, cha zamani na kipya. Kila mashuhuri angewekewa kibao cha bati miguuni, chenye mistari mitano ya maisha yake. Alikuwepo mwalimu mkuu wa kwanza wa mtaa, golikipa aliyedaka penalti akiwa na kidole kilichovunjika, na fundi aliyetengeneza saa ya mnara ambayo hadi leo inachelewa dakika saba. Mwenyekiti, mtu wa kutangaza kwanza na kuuliza baadaye, alishatangaza arobaini. Karani alipekua rejista zake wiki tatu, akapata thelathini na tisa.

"Thelathini na tisa?" mwenyekiti alimaka. "Watu watadhani mmoja katoroka. Nitafutie mwingine kabla ya Jumapili."

Katika pembe ya makaburi ya zamani kulikuwa na jiwe laini lisilo na herufi hata moja. Kwenye rejista palikuwa na namba na mstari mtupu, basi. Karani, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja hakuwahi kukosea kaburi la mtu, alikaa mezani, mchora vibao anamsubiri mlangoni na brashi zake, akaandika. Hakubuni. Laiti angebuni! Alichukua maisha ya mtu aliyemjua kuliko wote.

*Mkunga wa mtaa, jina halikuhifadhiwa. Alinukia sabuni ya dawa.*
*Alivuta mguu wa kulia.*
*Aliimba kila mtoto alipozaliwa.*
*Hakumsahau hata mmoja aliyempokea.*
*Alifariki Ijumaa, mvua ikinyesha, binti yake akiwa karibu.*

Mstari wa mwisho aliuongeza kwa sababu vibao vyote vilikuwa na mitano na yeye alibaki na minne. Kibao kilipokauka rangi ndipo akaona amekosea pia mguu. Mama alivuta wa kushoto, tangu alipoanguka ngazi za zahanati. Lakini vibao vilishapandishwa kwenye mkokoteni. Akajiambia, nani atajua? Mwenye mguu yuko nyumbani anakula, na aliye kaburini halalamiki.

Vibao vilizinduliwa Jumapili. Jumatatu sabuni ikaondoka.

Jumanne asubuhi karani aliamshwa na hatua za haraka ukumbini, akatoka mbio akidhani ni mwizi. Alikuwa mama yake, anatembea wima kama bibi harusi, anakwenda na kurudi, anacheka mwenyewe.

"Umeona? Mguu umepona! Miaka kumi na minne nakula vidonge, umepona wenyewe nikiwa usingizini!"

Karani alitaka kufurahi. Alijaribu hata kupiga makofi, lakini mikono yake ilikuwa imepoa. Alipofika kazini alimkuta mchimba makaburi, ambaye mtaa mzima ulimwita Futi Sita, amesimama mbali na kaburi la arobaini, koleo begani, hataki kusogea.

"Dada karani," alisema kwa sauti ya chini, "njoo uone, lakini usivuke pale."

Juu ya mchanga, kulizunguka jiwe, kulikuwa na alama za unyayo mmoja wa kushoto, na kando yake mburuzo, unyayo na mburuzo, duru baada ya duru, kama mtu aliyekuwa akijifunza kutembea. Mguu uliokuwa ukiburuzwa ulikuwa wa kulia.

"Nani kaandika kile kibao?" Futi Sita aliuliza.

"Mimi."

"Nani anakaa mle?"

Futi Sita alijijibu mwenyewe. "Hakai mtu. Baba yangu ndiye aliyelichimba. Alipofika chini alisikia kitu kinapumua chini ya sepetu, kinamwuliza yeye ni nani. Akatoka, wakafukia tupu, wakaweka jiwe bila neno. Aliniambia, mwanangu, lile jiwe likae hivyo hivyo. Kisicho na jina hakina mlango wa kutokea."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Mimi nachimba, wewe unaandika."

Jumatano wanafunzi wa shule ya jirani waliletwa kutembezwa, wakasoma vibao kwa pamoja, kwa sauti za kuimba kama wasomavyo watoto. Walipomaliza cha arobaini walinyamaza, na katika ukimya ule wimbo ukaendelea, wimbo mwingine, wa mwanamke, wa taratibu, unatoka chini kidogo ya usawa wa magoti. Mwalimu alitabasamu, akauliza kama wameweka spika. Karani aliutambua tangu sauti ya kwanza. Ndio wimbo uliompokea yeye mwenyewe duniani. Alikimbia nyumbani, nyumba iliyokuwa nyuma tu ya ukuta wa makaburi, akamkuta mama amekaa kitandani, mdomo wazi, anatafuta kitu asichokipata.

"Nilikuwa na kawimbo," mama alisema. "Kalikwenda vipi? Hebu nianzishie."

Karani alimwanzishia huku analia. Mama alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza wimbo wa watu wengine.

Sasa hapakuwa na haja ya kuambiwa. Jini aliyekuwa chini ya jiwe lile alikuwa akisoma kibao kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja kwa siku. Alhamisi ingekuwa wa nne, na Ijumaa ingekuwa wa tano, na redio ya jikoni ilikuwa imeshatangaza kwamba Ijumaa alasiri kutakuwa na mvua.

Alhamisi asubuhi mama alifungua mlango wa chumba cha karani, akamtazama kwa upole. "Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako anajua uko hapa?"

Futi Sita alimpeleka karani kwa mganga anayemjua. Mganga huyo alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani, ana tepu shingoni na pini mdomoni, na hakuacha kushona hata karani alipokuwa akieleza kwa kwikwi. Aliposikia kuhusu kibao aliinua mguu kutoka kwenye pedali.

"Umemshonea nguo," alisema. "Alikuwa uchi huko chini, hawezi kutoka. Wewe umempimia kwa mama yako, ukakata, ukashona, ukamwekea mlangoni. Kesho atafunga kifungo cha mwisho."

"Nifanye nini, mama? Niambie chochote."

"Utaifumua. Kesho, mvua inapoanza, maana hapo ndipo atakapokuwa amesimama kukusubiri. Anzia ulipoanzia. Kwangua mstari mmoja mmoja, na kila mstari useme kwa mdomo wako, hili niliandika mimi, si lako. Kila unachokikwangua kitarudi kwa mwenyewe papo hapo."

"Ni hivyo tu?"

"Si hivyo tu. Atakuita kwa nyuma. Usigeuke, usiitike. Ukigeuka utampa na sura." Akachomoa pini mdomoni. "La pili, mama yako asifike pale kabla hujamaliza mstari wa tano. Akifika, yeye ndiye atakayeingia chini, na jini huyo atakwenda nyumbani badala yake, amevaa nguo yote kama ulivyoishona. Mfungie."

Ijumaa saa tisa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mtaa kama blanketi chafu. Karani alimkalisha mama kwenye kigoda, akampa viazi amenye, akambusu kipaji cha uso kisicho na harufu. Mama alimshukuru kama anavyoshukuriwa mgeni. Karani akafunga mlango kwa nje, akatia ufunguo mfukoni. Kwa haraka ile hakukumbuka ufunguo mwingine, ule uliotundikwa nyuma ya pazia tangu enzi za ukunga, wa kumwezesha mama kutoka saa yoyote bila kumwamsha mtoto wake.

Tone la kwanza lilimwangukia akiwa amepiga magoti mbele ya kibao, tindo mkononi. Harufu ya sabuni ilikuwa nzito hata macho yakamwasha. Nyuma yake kitu kilikuwa kikizunguka, hatua na mburuzo, hatua na mburuzo, na kilikuwa kikiimba.

"Hili niliandika mimi, si lako," alisema, akakwangua mstari wa kwanza. Sabuni ikakatika hewani, pakabaki harufu ya udongo mbichi.

Wa pili. "Hili niliandika mimi, si lako." Mburuzo ukakoma. Hakukuwa na hatua tena, ni mvua tu juu ya mawe.

Wa tatu ukaondoka na wimbo, katikati ya neno, na ukimya uliofuata ulikuwa mzito, na alipoanza wa nne vidole vilikuwa vimekufa ganzi na tindo lilikuwa likiteleza na rangi nyeupe ilikuwa ikitoka kwa vipande vidogo vidogo vikimwingia chini ya kucha, lakini aliendelea, alisema maneno yake, akakwangua mpaka bati likang'aa, na akajua kwamba huko nyuma ya ukuta mama yake wakati huo huo alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye viazi na kumkumbuka.

Alibaki wa tano. Mvua ilikuwa sasa inamwagika. Alikuwa amefika kwenye neno *Ijumaa* aliposikia nyuma yake, kwenye kokoto za njia, hatua na mburuzo.

"Mwanangu," ilisema sauti, ikihema. "Umesahau mwavuli."

Aliuma mdomo, akakwangua.

"Unalowa, mwanangu. Utaugua kifua. Hebu geuka basi."

Ilikuwa sauti yenyewe, na ule ukali wake wa mapenzi, na machozi yalimtoka karani lakini shingo aliikaza. Alikwangua kwa nguvu zote, akipiga kelele ili asisikie, hili niliandika mimi, hili niliandika mimi, na nyuma yake sauti ikasema, "Aa, nimeteleza, nishike mkono," na baadaye, chini zaidi, "Nishike," na baadaye haikusema kitu. Neno la mwisho, *karibu*, likatoka. "Si lako!" alimaliza.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Mvua tupu.

Alikimbia nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Mama alikuwa kwenye kigoda, mkavu kabisa, na jikoni nzima ilinukia sabuni ya dawa. Karani alimwangukia mapajani akalia kama mtoto.

"Unanijua? Mama, unanijua?"

"Nisikujue? Ulizaliwa saa nane mchana, umetanguliza miguu," mama alisema, akampapasa kichwa, akaanza kumwimbia ule wimbo tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Karani hakuwahi kulala vizuri kama siku ile.

Jumamosi asubuhi, jua limeshachomoza, Futi Sita aligonga mlango wa mbele. Alikuwa amevua kofia. Mkononi alikuwa na mwavuli wa bluu wenye kiraka, ambao mama alikuwa nao tangu karani akiwa shule ya msingi.

"Dada," alisema, akichungulia ndani nyuma ya karani, akashusha sauti ikawa pumzi tupu. "Nimeukuta pale kwenye la arobaini. Umefunguliwa. Na ule udongo, si unajua ulikuwa umedidimia miaka yote? Umeinuka. Umeinuka kama wa kaburi la jana."

Karani aliupokea mwavuli. Alifikiri juu ya mburuzo aliousikia kwenye kokoto, wakati mstari wa pili alikuwa ameshaukwangua, wakati jini hakuwa tena na mguu wa kuburuza. Alifikiri juu ya mkono ulioombwa ushikwe.

"Nani huyo?" sauti ya mama iliita kutoka jikoni. "Mkaribishe ndani, mwanangu, chai iko tayari."

Kigoda kilisogezwa, harufu ya sabuni ikaanza kuja ukumbini, na mama akatokea kwenye kona, anatabasamu, ameshika sinia, anawajia taratibu, hatua na mburuzo, hatua na mburuzo. Karani alitazama chini.

Alikuwa anavuta mguu wa kulia.