Picha ya Buluu ya Duku

Bisha kisa hiki. Lomoro hana shida na mbishi. Humwambia, leta picha ya mtu wako aliye hai, tuichape jua likizama, halafu urudi kubisha.

Shule aliikimbia kule Arua akiwa darasa la sita, lakini mtaa mzima wa Hai Cinema hakuna aliyemfikia kwa kuzitia rangi picha nyeusi-nyeupe kwenye kompyuta na kuzichapa kwa printa iliyokaa kando ya kitanda chake. Kanuni yake moja: marehemu kahawia kidogo, aliye hai buluu kidogo. Mtaa ulijua. Ukiona picha ya kahawia ukutani, ulitoa pole kabla hujaketi.

Mwaka ule wa vita, wateja wote walileta marehemu. Lomoro alichoka hata kutania.

Jioni moja, anataka kuzima jenereta, akaingia mama mmoja, Helen, na picha ya mumewe Duku, dereva wa lori aliyepotea barabara ya Yei wiki tatu zilizopita.

"Buluu," akasema. "Mimi iko na mume. Shemeji zangu wanataka kuweka matanga kesho. Wakiona buluu, watangoja."

"Mama, nitampa buluu mpaka aonekane ametoka kuoga mtoni."

Printa ikakoroma. Karatasi ikatoka.

Kahawia.

"Malesh, samahani mama. Mashine imechoka kama mwenyewe."

Akaweka buluu. Kwenye kioo cha kompyuta Duku alikuwa buluu kabisa. Akachapa tena.

Kahawia... Na harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililotoka kuchimbwa.

Ya tatu ilitoka polepole, kichwa kwanza. Nywele. Paji la uso. Macho...

Yalikuwa yamefumba.

Helen hakulia. "Umemzika," akanong'ona.

Simu ikaanza kuita mkobani mwake. Akaiacha iite.

Waliompigia walimwambia baadaye kwamba Duku alitembea porini siku zote zile, akafika kizuizi cha mwisho cha barabarani akiwa mzima, akaomba maji. Jua likizama jioni ileile, akaketi chini. Hakuinuka.

Lomoro husimulia hivyo, akiapa kwamba ni mashine. Kuna kipande hukiruka. Ile karatasi ya kwanza, kabla ya kubonyeza ichapwe, aliiona rangi iko kwenye kahawia, ilivyokaa tangu vita vianze Julai. Aliiona vizuri. Kuibadilisha ni kubofya mara mbili tu. Akawaza: kalas, yamekwisha, nani amewahi kurudi kutoka barabara ile?

Akabonyeza.