Shavu la Kushoto

Asubuhi ile lifti zote mbili za jengo zilikuwa zimegoma, na watu walijazana ukumbi wa chini utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Wenye tai, wenye mabahasha, mama mmoja na keki yake ndani ya boksi, wote shingo juu wanatazama namba ambazo hazibadiliki. Katikati yao alikuwepo msichana asiyejua kusimama. Mara mguu huu, mara ule, mara afungue zipu ya mkoba na kuifunga tena, mpaka mwenye keki akamwambia, "Mwanangu, unanitia kizunguzungu."

Huyo ndiye Cherehani. Jina alipewa kazini, kwa sababu akikaa mezani mguu wake haukomi kupiga chini, kama anashona nguo za wanafunzi shule zikikaribia kufunguliwa. Kazi yake ilikuwa kuchonga watu wa kwenye gemu, si kwa patasi bali kwa kompyuta. Yeye ndiye aliyetia vinyweleo kwenye pua za askari, unyevu kwenye kona ya jicho, mkunjo wa shingo mtu anapogeuka. Ukicheza gemu ukamwona mtu mle ndani anatoka jasho, ukasema "jamani, huyu mzima kabisa," basi mshukuru Cherehani na wenzake.

Mara mlango wa lifti ukasukumwa kwa mikono kutoka ndani. Akachomoza mwanamume mwenye ovaroli la buluu, grisi mpaka viwikoni, amesimama juu ya paa la lifti iliyokwama, kiuno chake kikiwa sawa na sakafu. Nyuma yake iliwaka taa kali ya kazi, na mwanga wake ulipita kwenye sikio lake la kulia likawa jekundu, vimishipa vyote vinaonekana. Cherehani akasahau kuwa amechelewa. Alikuwa amehangaika na masikio muda mrefu, kwa kuwa kila aliyoyachonga yalikuwa yanatoka kama ya plastiki. Akajipenyeza mpaka mbele, akainama, akakodoa macho.

"Dada," fundi akasema bila kugeuka, "hilo sikio lina kasoro gani?"

"Halina. Usigeuke."

"Ehee?"

"Nakuomba kaka yangu, tulia hapo hapo nilipige picha."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, ila alicheka ameziba mdomo kwa mkono wake wenye grisi, na doa jeusi likabaki shavuni.

"Wenzako wote wanataka lifti," akasema, "wewe unataka sikio. Haya, chukua. Ukimaliza urudishe."

"Nitakurudishia na chai juu."

"Chai sikatai. Sukari vijiko viwili."

Basi yakaanzia hapo. Chai ile ilinywewa mgahawa wa ng'ambo ya barabara, wenye benchi refu linalotazama dirishani, na kesho yake ikanywewa nyingine, na baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Cherehani angefika mbio na raba zake na gauni la njano, nywele zimefungwa kwa kalamu. Fundi angemkuta au angekutwa, ovaroli amelivua, shati limepigwa pasi likakoma, mikono imekunjwa vizuri. Kila mara alikaa kushoto kwa Cherehani. Akikuta mtu pale, anamwomba asogee. Cherehani, anayehesabu mikunjo ya masikio ya watu asiowajua, hilo hakuliona. Nyani haoni kundule.

Usiku haukupita bila simu.

"Umelala, laazizi?"

"Nimelala. Anayeongea na wewe ni jirani."

"Mwambie jirani nampenda."

"Jirani ameolewa. Na mbona simu yako inanionyesha nusu mtu kila siku? Jicho moja, shavu moja."

"Bando limebaki nusu."

Cherehani akacheka mpaka akakohoa, na swali likapotelea hapo hapo.

Siku Bosi wake alipomkabidhi shujaa wa gemu jipya, mwanamume anayepanda minara ya mji kuwaokoa watu, Cherehani hakuhitaji kufikiri. Akamwomba Fundi uso wake. Jumapili moja mchana Fundi akampandisha juu kabisa ya jengo, chumba cha mitambo ya lifti, penye dirisha pana na mwanga mzuri, akasimama mbele yake, akatoa mkono mdomoni.

"Tazama," akasema, na akajilazimisha kutabasamu.

Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki pale pale, kona ya mdomo imeinama, jicho limefumba nusu.

"Niliamka asubuhi chai ikanimwagikia kifuani," akasema. "Daktari akasema ni mshipa wa fahamu. Umerudi kidogo, sehemu nyingine haikurudi. Ukinigusa hapa nasikia vizuri tu. Ila nikiliambia hili shavu lipande, halitii. Nilikuwa na mchumba. Alisema atasubiri nirudi kuwa mimi. Akasubiri, akachoka, akaenda zake."

Cherehani akasogea karibu zaidi.

"Upande huu sijawahi kumpa mtu aupige picha," Fundi akaendelea. "Wewe nakupa. Ila unichonge kama nilivyo. Usinionee huruma."

"Sikuonei huruma. Nakupenda, mjinga wewe," akasema Cherehani, na akapiga picha.

Sasa sikilizeni alivyoharibu. Kwenye kompyuta zao kulikuwa na kitu walichokiita kioo. Ukikiwasha, ukichonga shavu la kulia, la kushoto linajichonga lenyewe. Ukitia kovu huku, na kule limo. Kazi inakuwa nusu. Ila kila mchongaji anajua sheria: sura isitoke kabla hujazima kioo na kuzitofautisha pande mbili, kwa sababu binadamu aliye sawasawa huku na huku hajazaliwa. Cherehani alianza na kioo, kama kila siku. Alianza na upande wa kulia, ule anaoujua kama kiganja chake. Kisha Bosi akaingia akasema siku ya maonyesho imesogezwa mbele, sura inatakiwa leo. Mguu ukapiga chini ya meza. Cherehani akajiambia la kushoto nitalifanya kesho, akaituma. Kesho ikaja na kazi zake, na keshokutwa vilevile. Zile picha za Jumapili hakuzifungua hata moja.

Maonyesho yalifanyika ukumbi wa jengo la maduka, watu kibao, skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa. Fundi alikuja na shati jeupe jipya na viatu vinavyometa, ameongozana na mdogo wake wa kike, mwanamke mcheshi aliyekwisha anza kumwita Cherehani wifi. Taa zikazimwa. Shujaa akatokea, akapanda mnara, akageuka kuwatazama watu wote, akatabasamu. Pande zote mbili. Meno meupe, macho yote mawili yamefumbuka, vinyweleo, jasho, sikio jekundu kwenye mwanga. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"He! Kaka," mdogo wake akasema kwa furaha, "hapo umepona!"

Kisha akasikia alichokisema, akajishika mdomo.

Fundi hakupaza sauti. Aliitazama skrini mpaka picha ikaisha, ndipo akamgeukia Cherehani.

"Zile picha za kule juu umezitia wapi?"

"Fundi, nisikilize, nilikuwa na haraka, kile kioo..."

"Umenitengeneza," akasema. "Kumbe na wewe unasubiri nirudi kuwa mimi."

"Si hivyo!"

"Sura nzuri. Hongera."

Akaondoka; fundi wa lifti mwenyewe akashuka kwa ngazi.

Cherehani alipiga simu akiwa amesimama, akapiga akitembea chumbani, akapiga akiwa na mswaki mdomoni. Haikupokelewa. Siku moja ikapokelewa.

"Wifi," ikasema sauti ya chini, "ni mimi. Kaka yuko hapa, ananipungia mkono niseme hayupo."

"Mwambie namwomba dakika moja tu."

"Anasema hayupo kwa hiyo hawezi kukupa dakika." Akashusha sauti zaidi. "Wifi, na mimi mdomo wangu huu umeniponza. Lakini hajanuna hivi tangu yule mwingine aondoke. Fanya jambo. Maneno tumeshayamaliza."

Cherehani akaenda kwa Bosi, hakukaa kwenye kiti.

"Ile sura nairudia."

"Imeshapitishwa," Bosi akasema, macho kwenye kompyuta. "Watu wameipenda."

"Wamempenda mtu asiyekuwepo. Mwenyewe nilimwahidi, na sikutimiza. Ukikataa, itoe kabisa na jina langu lifute kwenye gemu."

Bosi akamtazama, kisha akatazama chini ya meza, ambako mguu ulikuwa unasaga sakafu. "Una wiki hii. Nenda, kabla hujanitobolea sakafu."

Cherehani akazima kioo. Akazifungua picha za Jumapili, na kwa mara ya kwanza akakaa kuutazama upande wa kushoto kwa utulivu: jicho lililofumba nusu, kona ya mdomo, mstari mrefu uliolainika kutoka puani. Aliuchonga na machozi yakimtoka, kwa aibu, maana uso ule ulikuwa mzuri kuliko ule wa makofi, na ulikuwa kwenye faili lake muda wote. Siku ya tatu sura ikakamilika. Akataka kuichekesha, akakwama. Picha zimesimama, hazionyeshi mtu akicheka. Shavu lile linafanyaje mwenyewe akicheka? Akatafuta kichwani mwake chai zote, simu zote, vicheko vyote. Kila alipofika, alikuta mkono umeziba. Mguu wake ukaacha kupiga.

Akamwuliza wifi yake anakofanya kazi kaka, akaenda mbio. Lilikuwa jengo la ofisi, lifti moja mlango wazi, kizuizi kimewekwa mbele, na kelele za spana zinatoka chini ya shimo.

"Fundi!"

Spana ikanyamaza. "Lifti mbovu. Tumia ngazi."

"Nimekuja kwako, si kwa lifti. Nimeichonga upya. Upande wa kushoto wote."

"Asante. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haijaisha. Sijui unavyocheka."

Mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa anapita, akasimama kusikiliza, wala hakuona haya.

"Nimekosa," Cherehani akasema, sauti ikipasuka. "Ulinipa kitu ulichomnyima kila mtu, nikakiweka kesho. Hilo ni langu, sikutupii wewe. Lakini na wewe nisikilize. Mgahawani unanipa upande mmoja. Kwenye simu unanipa upande mmoja. Ukicheka unaziba. Jumapili moja tu ulinionyesha, halafu ukafunga tena. Mimi simsubiri mtu apone. Mimi nataka kuijua sura ya mtu ninayempenda, na nusu yake siijui, kwa sababu na wewe kioo chako hujakizima!"

Akapangusa macho kwa kiganja. "Kesho saa ya chai nitakuwa pale pale," akasema. "Usipokuja nitaelewa." Akageuka, akampita mwenye tai, aliyemwambia kwa huzuni ya kweli, "Atakuja, dada."

Kesho yake Cherehani alifika mapema akakaa katikati ya benchi, chai mbili mbele yake. Akazungusha kikombe, akafunga nywele, akafungua, akafunga tena. Chai moja ikaanza kupoa. Akaagiza nyingine. Hiyo nayo ikaanza kupoa, naye alijua akitoka hapo peke yake hatarudi tena kwenye mgahawa ule.

Mlango ukafunguliwa. Ovaroli la buluu, hakulivua safari hii. Fundi akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akafika kushoto kwake, penye nafasi yake ya siku zote, penye nafasi tupu. Akasimama kidogo. Kisha akazunguka nyuma ya mgongo wake, akamwambia mzee mmoja aliyekaa upande wa pili, "Samahani baba, naomba usogee," akaketi kulia.

Fundi akanywa chai. Tone likatoka kwenye kona ya mdomo, likatelemka kidevuni. Hakulifuta. Cherehani naye hakumpa karatasi.

"Vijiko viwili?" akauliza Fundi.

"Nilitia vitatu. Nilikuwa na wasiwasi."

Akacheka. Mkono ulianza kupanda, ukafika nusu ya njia, akaurudisha mezani kwa nguvu kama anambana mtu. Upande wa kulia ukapanda wote. Wa kushoto ukatikisika kidogo tu karibu na jicho, na jicho lenyewe likajifumba kabisa, kama linakonyeza. Cherehani alitazama asipepese.

"Kumbe ndivyo," akasema. "Linakonyeza."

"Ndiyo maana nilikuwa nalificha. Wake za watu watanigombea."

"Nyamaza."

Benchi likaanza kutikisika, vikombe vikalia kwenye visahani. Mzee wa pembeni akamtazama Cherehani kwa lawama. Lakini safari hii si yeye. Ulikuwa mguu wa Fundi.

"Wewe una nini?" akauliza Cherehani.

"Nataka kukuuliza kitu, na nikikichelewesha nitakimbia." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa. Na huu upande nao utakuja, hauna pa kubaki. Kama kuna la kufikiria mpaka kesho, niambie sasa hivi, nijue."

"Kesho sina tena," akasema Cherehani. "Geuka kidogo."

"Kwa nini?"

"Geuka, Fundi."

Akageuka. Cherehani akambusu shavu la kushoto, taratibu, mbele ya mzee na chai yake, mbele ya barabara nzima iliyokuwa inapita dirishani.

"Umelipata jibu?"

"Nimelisikia," akasema Fundi. "Ila rudia. Hilo shavu ni zito kuelewa."