Pumzi ya Mkasi

—Jina langu limo au halimo?

Mkasi alimsikia mtu wake akimeza mate upande wa pili wa simu.

—Njoo ukumbini tu, mpenzi.

—Sijauliza njia ya ukumbini. Nimeuliza jina.

—Mkurugenzi kaliondoa. Anasema filamu ni ya studio.

—Na wewe ukasemaje?

Kimya. Mkasi akakata simu. Kimya kile alikijua. Ndicho walichonyamaza wafanyakazi wenzake na baba yake siku baba alipofukuzwa kiwandani, kila mmoja akitazama viatu vyake. Alikuwa mdogo, lakini viatu vile hajavisahau hadi leo.

Akaandika ujumbe: "Nakuja kukurudishia ufunguo wa kwako."

Jibu likaja: "Sawa. Ila kaa mpaka mwisho."

Filamu ile waliitengeneza wao wawili, kwenye chumba cha nyuma cha studio. Mkasi alikata karatasi za rangi, akazipanga chini ya kamera: pembetatu nyekundu, visahani vya buluu, vipande vyembamba kama kope. Anasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena, hadi karatasi zikaelea zenyewe kama samaki wa ndotoni. Fundi sauti, huyo mpenzi wake, alizitafutia sauti. Karatasi zilikuwa nyepesi mno, kwa hiyo kila picha Mkasi aliibania pumzi.

—Siku moja utazimia hapo, fundi alikuwa akimtania, nikuzoe kwa ufagio pamoja na makaratasi yako.

Ukumbini, mkurugenzi alisimama mbele ya watu na suti yake.

—Filamu hii niliiota mwenyewe, nikaikata kwa mikono yangu hii!

—Mikono hiyo haijawahi hata kumenya chungwa, Mkasi akamnong'oneza dada yake aliyekuja naye.

—Nyamaza, tutatolewa.

—Watutoe. Tumezoea.

Taa zikazimwa. Pembetatu nyekundu zikaibuka gizani, taratibu, zikizunguka. Hapakuwa na ngoma wala kinanda. Palikuwa na pumzi. Ilibanwa, ikakaa, kisha haaa, ikaachiwa, na visahani vya buluu vikatawanyika angani.

—Mbona kama wewe ukilala? dada akashtuka.

Spika zikajibu kwa sauti ya Mkasi mwenyewe:

—Mpenzi, usifungue mlango, upepo! Hizi nimezikata tangu asubuhi. Haya, napiga!

Ukumbi mzima ukacheka. Mkurugenzi akaruka.

—Zima!

—Sizimi, fundi akajibu kutoka kwenye mitambo.

—Kazi huna!

—Najua. Kaa chini, bosi, filamu ya watu haijaisha.

—Huyo anayepumua ni nani? mtu akauliza.

—Yule pale, mwenye karatasi kwenye nywele. Ndiye aliyeikata yote, fundi akajibu.

Vichwa vikageuka. Makofi yakaanza nyuma, yakasogea mbele. Mkurugenzi akatazama viatu vyake.

Fundi akaja hadi kwenye kiti cha Mkasi, akamtoa kipande chekundu nyweleni.

—Ulininyamazia kwenye simu.

—Alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Ningesema, angenitoa kwenye mitambo.

Kumbe Mkasi alikuwa amebana pumzi tena.

—Pumua basi.

Akapumua. Kwenye pazia la filamu, karatasi zikapaa.

—Haya, nipe huo ufunguo, fundi akasema, mkono umenyooka.

Mkasi akaufumbata.

—Nimeghairi. Ukifika nyumbani gonga kwanza, usiingie kwa pupa. Kutakuwa na karatasi mezani.