Mmea Usiokunywa Maji

Mama Kibonge aliamshwa na sauti ya mtu anayemeza. Hakukohoa mtu, hakulia mtu, ilikuwa kumeza tu: funda moja, kimya kidogo, funda la pili, kama mtoto aliyeshika ziwa vizuri na hana haraka. Akapapasa kifuani akidhani binti yake ameshajihudumia, maana Kibonge alikuwa na tabia hiyo, usingizini hajui hata jina lake ila ziwa analijua. Lakini Kibonge alikuwa amelala upande wa ukutani, mdomo wazi, hamezi kitu. Baba yake alikuwa anakoroma. Sauti ilitoka dirishani, kwenye makopo ya mimea.

Akajiambia ni maji yanashuka kwenye udongo, si alimwagilia jioni? Akavuta shuka, akalala.

Sasa nani wa kumlaumu? Mwenye mtoto wa miezi kumi na minne akipata nafasi ya kulala hafanyi uchunguzi.

Walikuwa na chumba kimoja, ghorofa ya tatu, chenye roshani ndogo kiasi kwamba ukifungua mlango wake wote, mlango wenyewe unaijaza. Humo ndimo Mama Kibonge alikuwa na shamba. Ndoo mbili za nyanya, gunia la mchicha lililotobolewa ubavuni ili miche itokee pande zote, vitunguu vya majani kwenye chupa zilizolazwa na kupasuliwa tumbo, nanaa kwenye kopo la maziwa. Udongo aliupandisha mwenyewe, ngazi hamsini na nne, na mimba juu. Makopo yasiyotosha roshani yalipangwa kwenye ukingo wa dirisha, juu ya kitanda.

"Siku moja nitarudi kazini nikute umeniotesha na mimi," mumewe alikuwa akisema. Alikuwa fundi friji, mtu wa utani, mikono imejaa makovu.

"Wewe huoti. Nimekumwagilia miaka minne, umetoa kitambi tu."

Mmoja wa mimea hiyo ya dirishani hakuununua. Alipewa kliniki, kwenye foleni ya kupima watoto uzito, na mwanamke asiyemjua aliyekaa naye benchi moja. Walianza na maneno ya kawaida, wako ana miezi mingapi, ananyonya bado, halafu yule mwanamke akatoa kwenye mkoba kipande cha shina kilichofungwa kitambaa kibichi. Majani yake yalikuwa manene, ya mviringo, laini kama ndewe ya sikio.

"Chomeka tu, kinashika," akasema. "Kikikua, usiwe mchoyo. Gawa."

Mama Kibonge alifurahi kweli. Wapenda mimea ndivyo walivyo, hukutana hawajuani, wakaachana kila mmoja ana kipande cha mwenzake. Alichokumbuka baadaye ni kwamba yule mwanamke alimtazama Kibonge kwanza, akamtazama sana, kisha akatoa kitambaa. Na wakati wa kumkabidhi hakumwangalia usoni.

Mmea ulishika ndani ya siku tatu. Siku tatu! Wiki ya pili ulikuwa umepita kimo cha nanaa. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Mama Kibonge alikuwa na desturi ya kumwagilia mimea ya ndani kwa chini, anaweka maji kwenye kisahani, kopo linanyonya lenyewe, asubuhi kisahani kikavu. Kisahani cha huu mmea kilibaki kimejaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Akachomeka kidole kwenye udongo: mkavu kama majivu. Akanyanyua kopo: jepesi. Lakini majani yalikuwa yamevimba maji, ukiyabonyeza yanarudi.

"Basi huu unakunywa nini?" akajiuliza kwa sauti, mchana kweupe, na jibu hakulitaka.

Kisha ikaja harufu. Alikuwa anafuta majani vumbi kwa kitambaa, akainama, akasimama ghafla. Jani lilinuka utosi wa mtoto. Mwenye mtoto anaijua ile harufu, ya maziwa na jasho jepesi, haifanani na kitu kingine duniani. Akarudi kitandani akamnyanyua Kibonge, akaweka pua kwenye utosi wake, akavuta pumzi. Kibonge alinuka udongo uliolowa.

Alimwosha. Alimwosha tena kwa sabuni. Harufu haikutoka.

Kliniki nesi aliangalia kadi, akaangalia mzani, akampima upya. Kilo tisa na nusu mwezi uliopita, sasa nane na robo. "Anaharisha?" Haharishi. "Anatapika? Anakula?" Anakula kuliko baba yake. Wakatoa damu, wakapima mkojo, wakasema mtoto hana kitu. Yule mtoto aliyepewa jina kwa sababu ya mashavu, sasa mashavu yameingia ndani, hachezi, analala na macho nusu wazi.

Wiki hiyohiyo jirani wa chumba cha mkabala, fundi cherehani, alikuja kuazima chumvi na mwanawe mgongoni. Mtoto wake alikuwa wa miezi minane, wote wa ghorofa walimwita Bosi kwa sababu hana meno lakini anafoka.

"Shoga, jani gani hili? Zuri hivi! Nikatie."

"Chukua hata mawili," Mama Kibonge akasema, akili yake iko kwa mwanawe. Akakata kipande kimoja chini kidogo ya kifundo, pale mizizi inapotokea, akamfungia kwenye gazeti lililoloweshwa. Mkasi ulipofumba, Kibonge alicheka kitandani. Cheko la kwanza baada ya siku kumi. Na Jumatatu mzani ulisoma kilo nane na nusu.

Hakuunganisha. Nani angeunganisha?

Aliyeona ni baba. Alikuwa nyumbani mchana, mkewe yuko roshani anaondoa wadudu kwenye nyanya, mke akasikia anaitwa kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo mwanamume yule hakuwa nayo.

"Mama Kibonge. Njoo. Njoo polepole. Usipige kelele."

Akaingia. Kibonge alikuwa amelala chali. Shina la ule mmea lilikuwa limeinama kutoka dirishani, halijavunjika, limeinama lenyewe kama shingo ya mtu anayesikiliza, na jani moja, lile kubwa, lilikuwa limelala juu ya midomo ya mtoto, na midomo ya mtoto haikuwa inanyonya, jani ndilo lililokuwa linanyonya, maana sauti ile ya kumeza, funda moja, kimya, funda la pili, ilikuwa inapanda ndani ya shina hadi kwenye kopo, na kila funda likipita shina linavimba kidogo, na wao wawili wamesimama na jua linaingia dirishani na redio ya jirani inaimba.

Baba alilinyakua kopo zima, akalipeleka roshani kwenye jiko la mkaa lililokuwa linawaka, akalisokomeza shina motoni. Halikushika moto. Lilitoa majimaji meupe, ya vuguvugu, yananuka maziwa, na ndani Kibonge akapiga ukelele ambao hawajausikia tena, na mama alipomkimbilia alikuta mkono wake wa kushoto umetoka lengelenge, kuanzia kiwiko hadi kiganja, mtoto ambaye yuko hatua tano kutoka kwenye moto.

"Toa!" akapiga kelele. "Baba Kibonge, toa, unamchoma mtoto!"

Akatoa. Akakaa chini sakafuni na kopo mapajani, analia kama anayelia msibani.

Mganga waliyemwita kesho yake hakuwa wa kutisha. Mtu mzima, miwani imefungwa uzi sikioni, viatu amevua mlangoni kwa adabu. Hakufukiza kitu, hakusoma kitu. Aliweka sikio kwenye shina kama daktari, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akarudi nyuma, akafuta sikio kwa leso.

"Jini huyu si wa kufukuza," akasema kwa sauti ya chini. "Ningekuwa na uwezo nisingewaficha. Wengine wana kiti, mtu wanayempanda kichwani, wana jina, unaongea nao, wanataka kitu wanapewa wanakwenda. Huyu hana jina. Ana njaa tu. Amepandwa."

"Kwa hiyo?" baba akauliza.

"Mmeshawahi kukata?"

"Kipande kimoja," mama akajibu. "Nilimpa jirani."

"Jirani ana mtoto?"

Macho yake yakaenda kwenye mlango wa mkabala. Mganga akamtazama, na yeye akaona kwamba ameshajibu.

"Basi nikwambie, mwanangu, na ningependa nisikwambie. Njaa yake ni moja. Akikaa nyumba moja, anammaliza mtoto wa nyumba hiyo. Akigawanywa nyumba mbili, njaa inagawanyika, na inampungukia mtoto wa kopo lililokatwa. Nyumba kumi, watoto kumi watadhoofika kidogo, pengine watakua. Mkimchoma mnamchoma mtoto. Mkimtupa atarudi kwa mtoto. Kipande kiende kwa mwenye mtoto, na akipokee mwenyewe kwa mkono wake. Aliyekupa wewe hakuwa na ubaya nawe. Alikuwa na mtoto."

"Na nikiwaambia?"

"Ukiwaambia nani atapokea?"

Hakuchukua hata nauli. Alivaa viatu vyake ngazini, sio mlangoni, kama mtu anayeogopa kuinama karibu na chumba kile.

Baba alisema hapana. Alisema tutakaa nalo, tutapambana, siwezi kupeleka hili kwa mtoto wa mwenzangu. Alisema hivyo Jumanne. Alhamisi ya wiki iliyofuata, mmea ukiwa unanyonya zaidi tangu uchomwe, Kibonge alikuwa kilo saba na nusu, shingo haimbebi kichwa, ananyanyuliwa kama nguo. Usiku baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema bila kugeuka, "Yule mama muuza mayai wa chini, mtoto wake si amefikisha mwaka?" Baada ya hapo hawakulizungumza tena.

Mama Kibonge alikuwa na mkono mzuri, hakuna kipande chake kilichowahi kunyauka. Alikata chini ya kifundo, akakausha kidonda cha shina kivulini, akachomeka kwenye vikombe vya maziwa mgando alivyovitoboa. Muuza mayai alipokea. Mwalimu wa chekechea alipokea, akambusu shavuni. Kliniki alijifunza kukaa benchi la nyuma, kuuliza wako ana miezi mingapi, kutazama mapaja ya mtoto kama yana nyama, na kila alipotazama mapaja alijichukia, halafu anatoa kitambaa. Vipande vinne. Saba. Kibonge akafika kilo tisa kasoro, akakaa, akasimama, akapiga hatua mbili akamwangukia baba yake, na wazazi wake walicheka wote wawili, kisha wakageukia dirishani kwa wakati mmoja.

Fundi cherehani aliingia bila kubisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, sindano zimechomekwa kifuani mwa blauzi, mkasi wake mkubwa unaning'inia shingoni kwa utepe. Bosi alikuwa mgongoni, hafoki. Akaweka mezani kopo la mmea wake na kadi ya kliniki.

"Kilo sita," akasema. "Anapungua, hawajui anaumwa nini. Jana nikamkuta jani limemlalia mdomoni. Nikakaa nikafikiri. Wako alikuwa anakwisha, shoga. Wote tulimwona anakwisha, mimi nilikuwa nakuombea. Ukanipa jani, wako akaamka." Akaisukuma kadi mbele. "Niambie ninakosea. Tafadhali. Niambie mimi ni mjinga."

Mama Kibonge alijaribu kusema uongo. Mdomo ulifunguka kabisa, uongo ukawa tayari, lakini Bosi akageuza kichwa mgongoni pale akamtazama kwa macho nusu wazi, macho aliyoyajua. Akamwambia. Yote, kuanzia benchi la kliniki, kuanzia kitambaa, lengelenge, mganga, nyumba kumi, muuza mayai, mwalimu, akiongea haraka bila kuvuta pumzi, macho yake kwenye ule mkasi shingoni kwa mwenzake, na akawaza, na aninyanyulie, akinyanyua sikimbii.

Fundi aliisikiliza yote amesimama. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akavua utepe shingoni, akaweka mkasi juu ya kadi.

"Mimi sijui kuotesha," akasema. "Kila ninachopanda kinakufa, unanijua. Nionyeshe pa kukata."

Mama Kibonge akamwonyesha. Hapa, chini ya kifundo, ukate kwa mshazari, usibonyeze. Walikata vitatu. Mikono ya fundi ilikuwa imezoea mkasi. Walipokata cha tatu, Bosi alipiga chafya mgongoni, akafoka kidogo, kama zamani, na mama yake akaweka kiganja mdomoni ili asilie kwa furaha.

"Mke wa dereva, pale chini," akanong'ona akiwa anafunga kipande kwenye kitambaa kibichi. "Kajifungua lini?"

"Jumapili."

"Anapenda maua?"

"Anapenda."

"Sawa." Akakaza fundo la kitambaa. "Mumeo anajua, mganga anajua, mimi najua, wewe unajua. Basi."

"Basi."

"Hata nikija kukuuliza mwenyewe watoto hawa wanaumwa nini, siku moja nimelewa uchungu, usinijibu. Niahidi, Mama Kibonge."

"Nakuahidi," Mama Kibonge akasema, akampangusa machozi kwa ncha ya kanga yake kwanza, ili akishuka chini asiulizwe. "Simwambii mtu mwingine."