Ndama Mwekundu wa Mughwai

Mughwai alikuwa anakamua, lakini maziwa yalimwagikia mguuni. Akili yake haikuwepo zizini. Mkewe Dorika, baada ya kuzaa watoto weusi, sasa alikuwa amejifungua mtoto mweupe, hata nywele nyeupe.

"Mimi mweusi, Dorika mweusi. Huyu katoka wapi?" Kila jibu alilopata lilimpeleka pabaya. Asubuhi hiyo alimwambia mkewe arudi kwao. Dorika alilia mpaka akachoka, kisha akaanza kufunga mzigo.

Ndipo akaingia zizini Loyce, mdogo wake Dorika, aliyesomea uuguzi Singida mjini. Alimletea mtoto kofia ya mitumba, maana siku hizo mitumba ilikuwa imeanza kujaa minadani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kumchukua dada yako?"

Loyce aliuona mzigo mlangoni mwa nyumba, akaelewa. Hasira zilimpanda, akazimeza.

"Shemeji, yule ndama mwekundu mama yake nani?"

"Huyu mweusi ninayemkamua."

"Na baba?"

"Dume langu, jeusi vilevile. Ng'ombe wangu hawachanganyiki na wa mtu."

"Basi mbona ndama mwekundu? Huyu ng'ombe ulimfukuza?"

Mughwai akaacha kukamua. "Inatokea tu."

"Ina sababu. Mwili umejengwa kwa seli, vijichembe visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna maagizo ya rangi, mawili mawili: moja la baba, moja la mama. Seli zikigawanyika kutengeneza yai au mbegu ya kiume, kila yai na kila mbegu hupata agizo moja tu. Wewe na dada kila mmoja ana agizo la rangi, na jingine bovu lililojificha. Mtoto huyu amepata mabovu yote mawili, kama ndama yule alivyopata maagizo mawili ya wekundu yaliyojificha kwa wazazi wake weusi. Huo ndio ualbino."

Mughwai akamtazama ndama. "Na hao wakubwa zake weusi?"

"Hao walipata angalau moja zima. Linatosha."

"Rudia, polepole."

Loyce akarudia.

"Kwa hiyo na mimi nimo?"

"Nusu kwa nusu, shemeji."

Mughwai aliingia ndani. Aibu ilimjaa. "Dorika, sijaelewa yote. Ila nimekukosea. Nisamehe."

"Fungua mzigo wewe mwenyewe," Dorika alisema. Mughwai akaufungua.

Leo mtoto yule yuko shuleni. Huvaa kofia pana na shati la mikono mirefu kukinga jua, na hukaa dawati la mbele aone ubao, maana macho yake hayaoni mbali. Mtu akiuliza katoka wapi, Mughwai humshika mkono mwulizaji, humpeleka zizini na kumwonyesha yule ndama mwekundu, sasa ng'ombe mzima.