Bibi Akifumba Jicho Moja

Sogeeni hapa, wanangu, mkeka unatutosha. Nitawasimulia habari za Tunu na bibi yake, na za karata zilizokaa juu ya kabati.

Tunu ana miaka saba. Anaishi Tabora na mama yake na bibi yake. Bibi ndiye aliyemzaa Mama.

Zamani, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mjomba Shomari alikuja. Huyu ni kaka yake Mama. Alivua viatu mlangoni, akauliza karata ziko wapi. Mara nyingine alisahau hata kuamkia, na Bibi alimgombeza.

Mama alitandika mkeka. Bibi alichanganya karata.

Frrr, frrr, karata zachanganywa.
Pa! Karata chini.

Walicheza wanne, wawili kwa wawili. Mama na Mjomba walikuwa upande mmoja. Tunu na Bibi walikuwa upande wao.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anatupa karata moja. Kubwa inakula ndogo. Lakini turufu ikishuka, hiyo inakula zote.

Walioshindwa waliosha vikombe vya chai. Basi Mjomba Shomari aliosha vikombe karibu kila Jumapili. Alinuna, mtu mzima na ndevu zake. Hakuelewa bibi mzee na mtoto mdogo wanamshindaje.

Mimi najua. Nitawaambia ninyi, lakini Mjomba msimwambie.

Tunu na Bibi walikuwa na ishara zao, za siri.

Kugusa pua: nina ree.
Kugusa sikio: nina turufu.
Kufumba jicho moja: niachie mimi.

Ree ni ile karata yenye alama moja tu katikati. Ni kubwa, hiyo. Lakini Tunu aliipenda ishara ya jicho kuliko zote. Bibi akifumba jicho moja, Tunu hakuogopa kitu.

Halafu Bibi akaugua.

Asubuhi moja alishindwa kuamka. Mkono wake wa kulia ulilegea. Mdomo ulikwenda upande. Alitaka kusema, maneno hayakutoka.

Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi, walimwekea kitanda sebuleni, na mito mitatu mgongoni. Akawa anatazama dirisha. Asubuhi dirisha. Jioni dirisha.

Mama alizifunga karata kwenye kitambaa cha maua. Akaziweka juu ya kabati. Tunu alipouliza kwa nini, Mama alisema akiziona moyo unamuuma.

Jumapili ikafika. Mjomba alivua viatu mlangoni. Hakuuliza karata. Alikaa, akanywa chai, akatazama sakafu.

Nyumba ilikuwa kimya. Saa ya ukutani peke yake ndiyo iliyosema. Tik, tik, tik.

Tunu alikumbuka mkeka. Alikumbuka Bibi akilamba kidole ili agawe karata vizuri. Alikumbuka kicheko chake. Alitamani Jumapili zile zirudi, hata moja tu.

Watu walikuja kumjulia hali Bibi. Wengine walipiga kelele sikioni mwake, na Bibi si kiziwi. Wengine walimzungumzia palepale mbele yake, kama vile hayupo. Hiyo si adabu, wanangu, lakini watu wazima hufanya.

Jumapili moja, Mjomba naye akasema.

"Dada, mama hatutambui tena."

Alisema polepole. Tunu alisikia. Mama alijifuta macho kwa pindo la kanga.

Tunu akatoka uani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Kama Bibi hamtambui Mjomba, basi hamtambui hata yeye. Na kama hamtambui, atacheza na nani upande mmoja?

Alipomaliza kulia, akanawa uso. Akarudi ndani, akasimama mbele ya Bibi.

Akagusa pua. Bibi alitazama dirisha.
Akagusa sikio. Bibi alitazama dirisha.
Akafumba jicho moja. Bibi alitazama dirisha.

Kesho yake alijaribu tena. Dirisha. Kesho kutwa akajaribu tena. Dirisha.

Tunu hakula vizuri juma lile. Alifikiri, akafikiri. Siku ya Jumamosi, akichota maji, jambo likamjia. Ishara ni za karata. Na karata ziko juu ya kabati. Bibi ataonyeshaje kwamba ana turufu, na hana hata karata moja?

Jumapili, Mjomba alipokuja, Tunu alipanda juu ya kiti. Akashusha kile kitambaa cha maua.

Mama alimwambia azirudishe. Alisema Bibi anahitaji kupumzika.

"Mama, Bibi amepumzika sana," alisema Tunu. "Tucheze naye mara moja tu."

Mama alimtazama kaka yake. Mjomba alikuna ndevu. Mwisho Mama akasema haya, mara moja, mtoto aridhike.

Wakatandika mkeka kando ya kitanda. Juu ya mkeka wakaweka meza ndogo.

Frrr, frrr, karata zachanganywa.
Pa! Karata chini.

Siku hiyo turufu ilikuwa kopa, zile nyekundu zenye alama ya moyo. Kila mtu alipata karata tisa.

Lakini Bibi angezishikaje? Mkono mmoja ulikuwa umelegea. Wa pili ulikuwa dhaifu.

Mama alikuwa na bakuli la mchele, alikuwa akiuchambua. Tunu akaliomba. Akazichomeka karata za Bibi ndani ya mchele, moja moja, zikasimama. Uso wa karata ulimwelekea Bibi. Mgongo uliwaelekea wao. Akaliweka bakuli kwenye meza, karibu na mkono wa kushoto wa Bibi.

Wakaanza. Ilipofika zamu ya Bibi, walisubiri. Bibi alitazama dirisha. Basi Mjomba akamchomolea karata yoyote, bila kuchungulia, akaiweka mezani.

Zamu ya pili, Bibi alitazama dirisha.

Zamu ya nne, Bibi alitazama bakuli.

Zamu ya saba, Bibi alimtazama Tunu.

Tunu alihisi moyo unamdunda. Du, du, du.

Zilibaki karata mbili mbili. Mama na Mjomba walikuwa wamekula mara nne. Tunu na Bibi mara tatu. Ili washinde, ilibidi Tunu na Bibi wale zote mbili zilizobaki.

Mjomba akatupa karata yake. Pa! Ilikuwa ree ya shupaza, nyeusi, kubwa.

Sasa ni zamu ya Tunu. Mkononi alikuwa na karata mbili. Moja ilikuwa mfalme wa kopa. Hiyo ni turufu, na ingeila ree palepale. Ya pili ilikuwa nne, ndogo, ya kutupa tu.

Akimtoa mfalme, atakula sasa. Lakini kwenye karata ya mwisho atabaki na ile nne, na nne haimli mtu. Hakujua afanye nini. Akainua macho kumtazama Bibi.

Mkono wa kushoto wa Bibi ulikuwa unapanda. Polepole. Ulifika kifuani, ukapumzika. Ulifika shingoni, ukapumzika.

Ukagusa sikio.

Mama aliuona. Alidhani sikio linamuwasha mama yake. Maskini, alitaka kuinuka amkune.

Tunu hakusema. Ishara ni siri. Aliuma midomo yake, maana furaha ilitaka kumtoka kwa sauti. Lakini aliogopa pia. Je, kama kweli linawasha?

Akamtazama Bibi usoni.

Bibi akafumba jicho moja.

Kugusa sikio: nina turufu.
Kufumba jicho moja: niachie mimi.

Tunu akamficha mfalme wake. Akatupa nne.

Mjomba alicheka kidogo. Mama akatupa ndogo yake. Mjomba akanyoosha mkono kwenye bakuli amchomolee Bibi, kama alivyozoea.

"Mjomba, ngoja," alisema Tunu. "Ni zamu ya Bibi."

Wakangoja. Saa ilisema tik, tik, tik. Kidole cha Bibi kilitambaa juu ya mchele. Kikagusa karata ya kwanza, kikaiacha. Kikagusa ya pili. Kikaisukuma. Punje chache za mchele zilimwagika, na karata ikaanguka mezani.

Ilikuwa saba ya kopa. Turufu.

Zamani Bibi angeipiga chini kwa nguvu. Sasa ilianguka bila sauti. Basi Tunu akaisemea.

"Pa."

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliitazama saba ile. Akamtazama mama yake.

Ikabaki karata moja moja. Bibi alisukuma yake ya mwisho. Mjomba akatupa. Tunu akamtoa mfalme wa kopa, akamlaza juu ya zote. Mama alikuwa wa mwisho, na hakuwa na kitu cha kumla mfalme. Tunu na Bibi wameshinda.

Mjomba alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilisema hututambui. Kumbe upo."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, ukamvuta ndevu kidogo. Mjomba akalia kama mtoto. Mama naye akalia. Halafu wote wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na nusu ya mdomo wa Bibi ikatabasamu pamoja nao.

Mjomba akaosha vikombe. Siku hiyo hakununa. Aliviosha taratibu, akavirudia mara mbili.

Mama alimtazama Tunu. Alitazama na sikio la Bibi. Nadhani alianza kuelewa. Lakini hakuuliza, na Tunu hakusema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia Bibi kelele sikioni. Hakuna aliyemzungumzia kama hayupo. Walimwambia habari zote, za mvua, za sokoni, za shuleni kwa Tunu, na Bibi alisikiliza. Maneno yake hayakurudi. Lakini karata hazikurudi juu ya kabati.

Jioni ya Jumapili ile ile, baada ya chakula, Mama alizifunga kwenye kitambaa cha maua, akaziweka chini ya mto wa Bibi. Tunu aliomba alale na Bibi, na Mama akamkubalia. Akapanda kitandani, upande wa mkono mzima.

Kitu kimoja kilikuwa bado kinamsumbua.

"Bibi," alisema, "na Jumapili ijayo tutacheza?"

Bibi akamtazama. Akafumba jicho moja.

Tunu naye akafumba jicho moja.

Halafu akafumba la pili, akalala.